Mtama Huu Una Mwenyewe

Seche wangu,

Umelala kwenye mkeka, mguu mmoja umeuweka juu ya begi lako kana kwamba unalizuia lisiondoke bila wewe. Jua bado halijazama. Nimekaa kizingitini naandika haraka haraka, kabla hujaamka ukaniuliza tena kama Kondoa kuna kuku.

Kuna kuku, mwanangu. Habari za nguo zako, za dawa ya kifua na za bamia usizotaka hata kuziona nimeshamwambia Bi Zuhura, bibi yako mzaa baba, ambaye kesho unakwenda kukaa kwake ili mimi nirudi shule. Hayo sitayarudia. Hapa naandika yale ambayo mdomo wangu hauyawezi, maana mama yako, kama utakavyokuja kugundua, ni mtu wa kusemea kifuani. Nikisimama mbele ya watu wawili tu, sauti inarudi ndani kama kichwa cha kobe.

Naandika kwa Kiswahili ingawa mimi na wewe tunaongea Kigogo, kwa sababu Bi Zuhura ndiye atakayekusomea mpaka utakapojua kusoma mwenyewe. Bi Zuhura, shikamoo. Mahali utakapoona aibu kwa niaba yangu, ruka, endelea mbele. Ila maneno ya mwisho usiyaruke.

Nataka kukueleza kwa nini wewe hulali bila wimbo wa kufukuza ndege.

Kwetu mtu hapiti duniani kimya. Kila hatua ina wimbo wake. Ukizaliwa, wanawake wanakuja kukuimbia mlangoni. Kusaga kuna wimbo, kuolewa kuna nyimbo za kufikia alfajiri, na hata kufa kuna zake. Mwenye kuzianzisha hapa kijijini ni Shangazi Damari, dada wa marehemu babu yako. Ngoma ni yake, anaibana katikati ya mapaja, na akiipiga kofi la kwanza hata mbuzi wanageuka. Yeye ndiye anayejua nani aimbiwe nini, na lini. Tangu nikiwa mdogo nimemsikia akisema kwamba nyimbo za mtu ni kama maji ya korongo: yakishapita, hayapandi tena kilimani. Yashike maneno hayo. Tutayahitaji huko mbele.

Wimbo wangu wa kwanza kuujua ni huo wa ndege. Nilifundishwa na babu yako, juu ya dungu katikati ya shamba la mtama. Dungu ni kichanja kirefu cha miti, unapanda asubuhi na kombeo lako na mawe yako, unashuka jioni sauti ikiwa imekwisha. Kwelea wanakuja kama moshi. Usipowawahi, wanakuachia mabua matupu. Babu yako aliniambia, "Jiwe linafukuza ndege mmoja. Sauti inafukuza kundi." Kisha akaniimbia, na kwa Kiswahili ni kama hivi:

*Mdomo mwekundu, pita, pita,*
*mtama huu una mwenyewe.*
*Una njaa? Nenda kwa aliyelala,*
*mimi niko juu, nakuona.*
*Haa!*

Juu ya dungu, Seche, sikuwa na haya. Hilo nataka ulijue. Kulikuwa na mimi, mtama na anga, na nilipiga hiyo "haa!" mpaka babu yako, aliyekuwa analima upande wa pili, akawa anacheka peke yake. Sauti ninayo. Sikuzaliwa bila sauti. Niliipoteza nilipoteremka.

Niliipoteza shuleni hasa. Darasa la kwanza nikakuta Kiswahili, nikakizoea. Sekondari, kule Dodoma mjini, nikakuta Kiingereza. Kila Jumatatu tulisimama mstarini tukaimba wimbo wa shule kwa Kiingereza, na kwa sababu ya urefu wangu mwalimu wa kwaya aliniweka katikati kabisa. Niliogopa nisije nikatamka vibaya, wenzangu wakanicheka. Nikawa nafungua mdomo na kuufunga, nafungua na kufunga, kama samaki wa bwawa la Mtera aliyetupwa kwenye mchanga. Mwalimu akapita akasema, "Safi sana, Yudita." Nikajifunza kwamba inawezekana kusifiwa kwa wimbo ambao hukuuimba. Hilo ndilo somo baya kuliko yote niliyopata pale, na nililishika vizuri kuliko hesabu.

Babu yako alipofariki, nikafanya hivyo hivyo. Wanawake walimwimbia mpaka kaburini, na mimi, mwanawe, nilifungua na kufunga. Hakuna aliyejua. Yeye angejua.

Halafu nikakupata wewe. Baba yako Rajabu alikuwa anasoma shule ya jirani, mtoto wa Kondoa, mpole, anayeongea akichora chora chini na kiatu. Ukimwuliza mtu kijijini atakuambia nilidanganywa. Sikudanganywa. Tulikuwa watoto wawili wenye haya, na ukimya wetu ulitupeleka mbali kuliko maneno ya wengine. Neno moja tu, "hapana" au "subiri", lingetosha, na lilikuwa ndani ya kinywa changu, nikafungua mdomo nikaufunga. Sijutii kukupata. Najutia kwamba hata kwenye jambo kubwa namna ile niliimba kama nilivyoimba mstarini. Wewe ukitaka, sema unataka. Hutaki, sema hutaki. Ukikosea kutamka, waache wacheke. Kicheko hakiui, nimekipima.

Nilipoacha shule niliwaza kwaya itanikosa. Haikunikosa. Itanikosaje, na sauti yangu haikuwahi kuwemo?

Siku tuliyotoka na wewe zahanati, bibi yako, mama yangu, alinifunika kanga mbili akanipitisha nyuma ya kanisa ili tusikutane na watu. Hakuna mwanamke aliyekuja mlangoni. Shangazi Damari alituma ujumbe kwamba ana mafua. Ngoma yake nayo, nadhani, ilikuwa na mafua. Hivyo wewe, Sechelela, ambaye jina lako kwa Kigogo ni kushangilia, ulizaliwa bila kigelegele hata cha paka.

Mchana ule ule ukaanza kulia, ukalia mpaka ukawa mwekundu kama kitunguu. Mimi ni kitinda mimba, sijawahi kulea. Wimbo wa kubembeleza sikuwa nao hata mmoja. Nikakupakata, nikakupigapiga mgongoni, na kilichotoka kinywani ndicho pekee nilichokijua kwa moyo. *Mdomo mwekundu, pita, pita.* Na nilipofika mwisho, kwa mazoea, nikapiga: "Haa!"

Ukashtuka. Ukanitazama. Ukalala.

Mama akaniita kutoka uani, "Yudita, unafukuza nini humo ndani?"

"Mtoto, Mama."

"Unamfukuza mtoto?"

"Namlaza. Amelala lakini."

Akaja kuchungulia, mikono imejaa pumba, akakuta umelala fofofo na ngumi umeikunja. Akatikisa kichwa. "Haya. Kila mtu na dawa yake."

Ndiyo hiyo dawa mpaka leo.

Ulipokuwa unatambaa, Shangazi Damari alimwoza binti yake. Sasa kwenye harusi kwetu kuna mahali pa kila mtu. Waliozaa wanakaa mbele na ngoma mapajani. Wasichana wanasimama nyuma, shanga mabegani, wanatikisa. Nilifika na wewe mgongoni, nikauliza kwa ile sauti yangu, "Shangazi, nikae wapi?"

Akaniangalia mimi, akakuangalia wewe. "Ngoja kwanza," akasema.

Nikangoja kwenye masufuria. Nilisonga ugali wa harusi nzima nikiwa nangoja kwanza. Ngoma zilipoanza, ukalia, nami nikazunguka nyuma ya jiko kukuimbia. Nilidhani kelele zitanificha. Ngoma zikasimama ghafla, na "haa!" yangu ikabaki peke yake hewani.

Mwanamke mmoja akapaza sauti, "Jamani, kwelea wamekuja harusini!"

"Hawakualikwa," mwingine akadakia, "kama yeye alivyokuwa hakualikwa kuzaa!"

Walicheka mpaka wakashikana. Nilitamani ardhi ya Ugogo, ilivyo na nyufa wakati wa kiangazi, ifungue mmoja unitoshe. Lakini wewe ulikuwa umeshalala. Kicheko chote kile, na wewe umelala. Nilirudi nyumbani nikiwa na jambo jipya la kuwaza: kwamba wimbo umefanya kazi yake, na wao hawakuweza kuuzuia.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Nafasi ya kurudi shule imepatikana, kidato cha tatu, kwa kukaa bweni. Bibi yako mama yangu, mavuno yakiingia, yuko Kibaigwa sokoni anawapikia wapakiaji wa mahindi, analala huko huko kwenye vibanda. Hawezi kukimbizana na wewe katikati ya malori. Rajabu yuko Babati anajifunza ufundi wa magari. Ndipo Bi Zuhura akaja. Alishuka kwenye basi na kikapu cha vitambaa kutoka dukani kwake, akatusalimia vizuri, akakuweka pajani, na usingizi ulipokushika akasema, "Mwanangu Yudita, huyu huwa analalaje?"

Nikaona aibu, nikaimba chini chini.

"Hiyo 'haa' naipigaje? Kwa mchezo au kwa hasira?"

"Kwa hasira kidogo, Bi Zuhura."

"Basi naiweza. Nimelea wavulana watupu."

Akaijaribu. Kuku walitoka mbio uani. Bi Zuhura akarekebisha ushungi wake kama si yeye. Tangu siku ile sina wasiwasi na Kondoa. Huko utafundishwa kaswida, utaimba na wenzako wa madrasa, na nataka uimbe kwa sauti yako yote. Nyimbo za nyumba mbili hazipigani ndani ya mtoto. Wanaopigana ni watu wazima.

Wakapigana basi. Juzi Shangazi Damari aliitisha kikao hapa uani. Akasema yeye hana kinyongo, amefikiria njia ya kunisaidia. Mtoto akienda Kondoa asizoee kuniita mama. Aniite dada. Mimi nikimaliza shule, akapatikana mume, yeye Shangazi atatoa ngoma yake aniimbie nyimbo za mwali, zile zile alizomwimbia binti yake, kamili, bila kupunguza hata ubeti. "Watu husahau," akasema. "Mwisho itakuwa kama hakikutokea kitu."

Mama alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu. Wajomba walitingisha vichwa. Kusema kweli, Seche, kwa kipande kidogo cha moyo nilizisikia hizo ngoma. Nilijiona na shanga zangu, katikati, bila masufuria. Nakuambia kwa sababu utakuja kutamani vitu vya namna hiyo, na kutamani si dhambi.

Kisha Shangazi akakuita. "Seche, njoo. Huyu nani?"

"Mama."

"Si mama. Dada. Sema dada."

Ukamtazama, ukanitazama, ukafikiri ni mchezo. "Mama dada!" ukasema, ukacheka.

"Dada tu."

"Usimfundishe hivyo," mtu akasema.

Shangazi aligeuka kutafuta ni nani aliyesema. Aliwatazama wajomba, akatazama hata ghala, kana kwamba magunia ndiyo yaliyoongea. Mpaka mimi mwenyewe nilishangaa kukuta nimesimama.

"Wewe Yudita? Unanijibu mimi?"

"Shikamoo, Shangazi," nikasema. Si ujinga, ni woga. Neno la heshima ndilo lililokuwa karibu. Kisha mengine yakafuata yenyewe. "Wewe ndiye uliyesema maji ya korongo hayapandi kilimani. Unataka mimi niyapandishe? Wimbo wa mwali umenipita. Nimezaa. Siwezi kuimbiwa kama sijazaa na mwanangu amekaa pale anapiga makofi."

"Basi siku yako ikifika usinitafute. Ngoma yangu haitatoka ndani."

"Ibaki ndani, Shangazi. Haina mafua tena?"

Hilo la mafua nimelijutia. Kidogo. Wajomba waliinamisha nyuso, na nina hakika mmoja alikuwa anacheka. Shangazi akajifunga kanga akaondoka, na ninajua alichomaanisha. Hapa kijijini harusi isiyo na ngoma yake ni sawa na chakula cha msiba. Nitaolewa kimya, au sitaolewa. Nimelipima hilo nalo, na nimeona ni jepesi kuliko wewe kuniita dada.

Nilidhani hapo ndipo barua itakapoishia. Lakini leo mchana, tukiwa tunakunja nguo zako, Mama alianza kuimba huku ameinamia begi. Wimbo siujui. Nikamwuliza ni wa nini.

"Wa mlangoni," akasema. "Wa kuzaa. Ni mfupi tu. Nilipaswa kukuimbia siku ile. Nilimwogopa wifi yangu."

"Basi imba vizuri."

"Yudita, mtoto ana miaka minne."

"Umechelewa, Mama. Ndiyo maana uimbe kwa nguvu. Twende mlangoni."

"Majirani watasikia."

"Ndiyo. Wasikie."

Akanitazama kama mtu anayeona mgeni ndani ya nguo za mwanawe. Akafuta mikono kwenye kanga, akatoka, akasimama mlangoni na jua kali usoni, akaimba. Sauti ya Mama imeharibiwa na moshi wa Kibaigwa, inakwaruza, lakini aliipeleka mpaka barabarani. Nami nikaitikia. Sikufungua na kufunga. Niliitikia. Ng'ambo ya ua jirani yetu Mama Nyemo, ambaye akisikia wimbo wa kuzaa hawezi kujizuia, akapiga kigelegele kwanza ndipo akauliza.

"Kuna nini huko?"

"Mtoto amezaliwa!" Mama akajibu.

"Wa nani?"

"Wa Yudita!"

"Yudita ana mwingine?"

"Huyo huyo!"

"Huyo huyo anayekimbiza kuku wangu sasa hivi?"

"Huyo huyo!"

Mama Nyemo alifikiri kidogo. "Haya," akasema, "kazaliwa na nguvu," akapiga kigelegele cha pili, kirefu kuliko cha kwanza, na wewe ukaacha kuku ukaja mbio kuuliza nani anaolewa.

Kwa hiyo umeimbiwa, Sechelela. Akitokea mtu akakuambia ulizaliwa kimya, mwambie hapana, mimi nilizaliwa mkubwa, nikiwa na viatu, watu walisikia mpaka barabarani.

Unaanza kujigeuza, nimalizie. Kesho asubuhi stendi patakuwa na watu wengi: wapiga debe, abiria, labda na watu wa huku kwetu wanaonijua. Utapanda na Bi Zuhura, utakaa dirishani, na najua utalia, na najua utaniita. Usiite kwa kunong'ona kama mimi. Niite jina langu lile, lile ulilolijua kabla ya mengine yote. Nami nitasimama chini ya dirisha mbele ya watu wote hao na nitakuimbia wimbo wa ndege mpaka mwisho. Watageuka. Wacha wageuke. Jiwe linafukuza ndege mmoja.

Huko Kondoa ukiulizwa mama yako nani, sema ni Yudita, yuko shuleni, likizo anakuja. Likizo nitakuja. Akipita mtu, awe ndugu, awe mwenye ngoma, akitaka kukufundisha jina jingine la kuniita, huna haja ya kubishana naye. Vuta pumzi, umwimbie mstari wa pili, ule wa mtama. Halafu mpige "haa!", kwa hasira kidogo. Bi Zuhura atakusaidia.

Mimi niko juu, nakuona.

Mama yako,
Yudita